Mtu wa Chini ya Meza

Ukipita barabarani ukaona kwenye bango chupa ya soda inayotiririka jasho la baridi, mwanga umeipiga kwa nyuma mpaka soda yenyewe inawaka, ujue chini ya ile meza palikuwa na mtu. Magoti yamekufa ganzi, kashika kipande cha kadibodi kilichobandikwa foili ya jikoni, na kila mara anaambiwa, "Pandisha kidogo. Kidogo, nimesema! Umezidisha." Mtu huyo, mara nyingi, ni mimi.

Kwenye karatasi mimi ni msaidizi wa mwanga. Mbele ya wateja bosi huniita "mtaalamu wetu wa taa". Wakishaondoka huniita "wewe". Studio yetu ipo Sinza, ghorofa ya pili, juu ya saluni na ubavuni mwa fundi wa kuchomelea mageti, na hao wawili nitawarudia, maana pale hakuna picha inayopigwa bila ridhaa yao.

Watu hudhani kazi hii ni kamera. Kamera bosi huivaa shingoni, anapanda nayo ngazi huku anapiga mluzi. Mzigo wenyewe ni taa, stendi, miamvuli, vitambaa vyeusi, vitambaa vyeupe, vibanio, mifuko ya mchanga, ekstensheni na begi zima la solotepu, na huo una mwenyewe.

Halafu kuna softboksi. Kwa ambaye hajaiona, ni kibanda cha kitambaa, nje cheusi, ndani rangi ya fedha, mbele kimewekwa pazia jeupe, kinavishwa taa ili mwanga utoke laini. Husimamishwa na fito nne za chuma zinazochomekwa kwenye pete. Fito tatu huingia kwa adabu. Ya nne lazima uipinde mpaka uone imani inakutoka, ndipo ncha yake ifike tunduni, na ikiteleza inakuja usoni moja kwa moja. Nina kovu juu ya jicho la kushoto. Watu wakiniuliza nimelipata wapi, nawajibu bodaboda. Ajali ya bodaboda ina heshima yake.

Tabu yote hii ni kwa sababu ya kivuli. Taa ikiwa kubwa na ikiwa karibu, kivuli kinalainika. Ikiwa ndogo au ikiwa mbali, kivuli kinakatika kwa wembe. Jua lina kipenyo cha kilomita milioni 1.4 hivi, lakini limekaa mbali kilomita milioni 150, kwa hiyo mpaka litufikie huku Dar limeshakuwa kitaa kidogo chenye hasira. Mpige mtu picha saa sita mchana uone: macho matundu meusi, pua imedondosha kivuli mpaka mdomoni, bibi harusi kageuka fuvu. Softboksi ya mita moja ukiisogeza karibu na uso, kwa uso huo ni kubwa kuliko jua. Hili nalisema kwa majivuno, kwa sababu jua hakuna anayelipandisha ngazi.

Shida huanza softboksi ikitoka nje. Tulikwenda Coco kupiga picha za mashati ya batiki, kusi inavuma kama kawaida yake ya Julai. Mifuko ya mchanga ya kukandamizia stendi ilibaki studio kwa amri ya bosi: "Ufukweni kote kule ni mchanga, tubebe mchanga wa nini?" Tukasimamisha taa. Upepo ukaingia kwenye softboksi, ikajaa tanga, na kilichokosekana pale ni nahodha tu. Iliondoka na stendi yake, ikapita kati ya wauza mihogo, ikaingia katikati ya watoto waliokuwa wanacheza mpira, ikaishia langoni. Golikipa akaidaka.

Tulipofika tukihema, nahodha wa timu, kitoto hakijafika hata kifuani kwangu, kikatuambia, "Shikamooni. Hii imeingia goli letu, kwa hiyo ni mali ya kipa." Mazungumzo yalikuwa marefu na ya kitaalamu. Mwishowe bosi alitoa hela ya mpira mpya, kisha akamwajiri yule kipa ashike stendi hadi jioni. Kipa alilipwa kwa saa. Mimi sijawahi kulipwa kwa saa.

Ndani ya studio upepo hakuna, ila kuna umeme, au tuseme kuna habari za umeme. Flashi za studio hujaza umeme kwenye kapasita, zikautoa wote kwa pigo moja linaloisha kabla hujapepesa jicho, kisha zinaanza kujaza upya. Zikishiba zinalia "pii". Umeme ukiwa na nguvu, pii inakuja upesi. Fundi wa mageti akichomelea, umeme unanywea, tunasubiri. Saluni wakiwasha madraya yote, tunasubiri zaidi. Na wakati huo dada wa tangazo la dawa ya meno kakenua, ameambiwa asifunge mdomo, na meno yanakauka.

Tukafikia makubaliano na fundi: tukimgongea ukuta mara mbili, anapumzika. Ada yake ni soda moja kwa siku. Akiwa mapumzikoni akaanza kuingia kututazama, na kutoka kutazama akapanda daraja, akawa mkosoaji. "Huyu dada mbona hana shingo?" aliuliza siku moja, miwani yake myeusi ipo juu ya paji. "Taa yenu iko chini sana." Bosi alimweleza kwa upole kwamba hii ni taaluma ya watu. Fundi akaondoka zake. Bosi akakaa kimya, kisha akanigeukia: "Wewe. Pandisha taa."

Kuna siku nilipandwa na hamu ya kuiheshimu kazi hii, nayo ilikuwa Keko, kwenye kabati la mninga. Kumbe kabati ni gumu kuliko binadamu. Kamera ikipima mwanga hudhani kila iliyemwelekea ana rangi ya kijivu cha wastani. Ukiiachia uhuru, kanzu nyeupe inafubaa na suti nyeusi inapauka. Kahawia ya mninga nayo ina michirizi yake, na muuzaji anataka kila mchirizi uonekane, kwa kuwa ndiyo bei. Bosi akanihadithia, huku nasugua mlango, kwamba filamu za rangi za Kodak kwa miaka mingi zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake Wazungu, kadi zenyewe zikiitwa Shirley, na watu weusi wakitoka pichani meno na macho tu. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, alipowahoji watu wa kampuni hiyo, aliambiwa kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu irekebishwe ni watengenezaji wa chokoleti na wa samani: rangi za kahawia zilikuwa hazitoki sawasawa, na bidhaa zao ni kahawia tupu. Yaani kabla sisi hatujaonekana vizuri, ilibidi kwanza kabati lilalamike. Nikalisugua kwa adabu zaidi.

Lakini ukitaka kuujua uvumilivu wa mpiga picha wa biashara, mpe birika.

Kitu kinachong'aa hakina sura yake mwenyewe. Birika la stenlesi ukilimulika, huoni birika. Unaona taa, dari, dirisha, feni, na kila aliyemo chumbani, wote mmevimba matumbo. Mwanga unarudi kwa pembe ileile uliyoingia nayo, na kwa kuwa tumbo la birika limejipinda huku na huku, lina pembe ya kumpata kila mtu. Dawa yake ni kulijengea hema: unalizungushia kitambaa cheupe, unamulika kitambaa kwa nje, unaacha tundu la lenzi basi. Sasa birika lote limekuwa jeupe ndani ya weupe, halionekani mwanzo wala mwisho, kwa hiyo unaingiza vipande vyembamba vya kadibodi nyeusi pembeni, kingo zake zijichore. Vipande hivyo havisimami vyenyewe. Hapo ndipo ninapovua viatu na kuingia chini ya meza.

Mteja alimtuma meneja wake wa masoko, mama mwenye heshima zake, kavaa kitenge cha rangi ya chungwa kinachoonekana toka Mwenge. Tukamwamkia. "Marahaba wanangu. Fanyeni kazi, mimi natazama tu." Picha ya kwanza ikatokea kwenye kompyuta. Mama akainama.

"Mbona birika letu lina kutu?"

Ulikuwa mstari wa rangi ya chungwa, umenyooka toka mfunikoni hadi kitakoni. Alikuwa amesimama palepale kwenye mwanya wa hema. Bosi akanitazama, mimi nikatazama sakafu. Nani amwambie mtu atakayesaini hundi kwamba kutu ni yeye? "Mama," bosi akasema, "hapo ulipo kuna joto. Wewe, mwekee mama kiti pale kwenye feni." Kutu ikatoka. "Mmeisugua na nini?" mama akauliza akiwa kwenye feni. "Limau, mama," bosi akajibu bila kupepesa.

Picha ya pili ilikuwa na doa jeusi katikati ya tumbo. Hilo ni tundu la lenzi, halina tabu, linafutwa baadaye kwenye kompyuta. Ila juu ya doa palikuwa na kingine, kimviringo kidogo kinachong'aa kwelikweli. Nikalifuta birika kwa kitambaa laini. Kipo. Nikapuliza pumzi, nikafuta tena. Kipo. Kisha bosi akainama kushoto kutafuta pembe nyingine, na kile kimviringo kikaenda kushoto. Akarudi kulia, kikarudi naye. Mimi nilikuwa nimeshajua, lakini nina kodi ya nyumba ya kulipa. Aliyesema ni mama, taratibu, kutoka kwenye feni: "Baba, si kichwa chako hicho?"

Bosi ana upara uliokamilika. Kofia nyeusi haikuwepo. Mama akafungua pochi, akatoa mtandio mweusi, akamfunga mwenyewe kwa mikono yake, akaubana na pini ubavuni. Bosi akaendelea na kazi. Fundi wa mageti alichungulia mlangoni, akatazama, akaondoka bila kutoa maoni yoyote, kwa mara ya kwanza.

Picha iliyofuata ilikuwa safi kabisa, isipokuwa chini, karibu na kitako, palipojipanga vidoa vitano vya kahawia, kikubwa kimoja na vinne vinavyopungua. "Na hizi karanga?" mama akauliza. Vilikuwa vidole vyangu, vimechungulia chini ya kitambaa. Kazi iliyobaki niliifanya nimelala kifudifudi, miguu nimeikunja juu, na kadibodi mkononi.

Picha ile iliishia kwenye kalenda ya ukutani. Mama yangu mzazi alipewa moja dukani akaitundika sebuleni. Nilipokwenda kumsalimia nilimkuta kavaa miwani, kidole kakigandisha chini ya mkono wa birika. "Huyu si wewe?" Nikamwambia hapana mama, hicho ni kivuli. "Kivuli chenye masikio yako?" Mwaka wa kalenda ulishaisha. Kalenda haijashushwa, na majirani wote wameshanionyesha kidole palepale kwenye birika.

Vyakula navyo vina mambo yake. Kuku wa bango huivishwa nusunusu ili ngozi isisinyae, halafu hupakwa rangi kwa brashi, mafuta na sosi ya soya, mpaka anaonekana katoka jikoni sasa hivi. Ndani mbichi. Moshi unaofuka nyuma yake ni pamba iliyolowa maji ya moto. Jasho la glasi ni glisarini na maji, nusu kwa nusu, tunapuliza kwa chupa ya dawa ya nywele ya kule saluni. Na barafu ni plastiki, kwa kuwa ya kweli chini ya taa zetu haingoji mtu apange kijani chake. Zipo zilizochongwa vizuri mno, zina bei, bosi huzihesabu kabla na baada ya kazi.

Mipaka ipo. Kwenye matangazo ya mwishoni mwa miaka ya 1960, supu za kampuni ya Campbell ya Marekani ziliwekewa gololi chini ya bakuli ili mboga zipande juu zionekane tele. Tume ya serikali inayosimamia biashara ikaingilia, na mwaka 1970 kampuni ikakubali kuacha mchezo huo. Bosi hunikumbusha kisa hicho kila tukipika. Tukiuza kuku, anasema, kuku awe kuku. Hatujasema ameiva.

Tuliwahi kupiga kuku wa namna hiyo na glasi ya juisi ya ukwaju pembeni. Picha zikatoka vizuri, mteja akafurahi, sote tukashuka kumsindikiza na kupakia sampuli zake garini. Dereva wake alikuwa amepanda kuomba maji, tukapishana naye ngazini akishuka anafuta mdomo. Gari likaondoka. Kurudi juu, paja la kuku lina alama ya meno, glasi ni tupu, na bosi yupo mezani anahesabu barafu kwa mara ya pili, uso umeshaanza kubadilika.

"Wewe. Moja iko wapi?"

Nikatafuta chini ya meza, nyuma ya pazia, ndani ya softboksi, mpaka kwenye mifuko yangu mwenyewe, kwa kuwa alikuwa anaiangalia hivyo. Simu yake ikaita. Akaiweka spika. Alikuwa dereva, honi zinasikika, yupo kwenye foleni.

"Kaka, samahani, hii barafu yenu mnanunua wapi? Nimeinyonya toka hapo Sinza, sasa hivi niko Kimara, na bado nzima."