Mwongozo kwa Mgeni Atakayeulizwa Sharpstown Kama Mungu Huonekana

Utaalikwa kwenye maombi ya Ijumaa jioni katika mojawapo ya apatimenti za karibu na Bellaire Boulevard, na utadhani umeitiwa sombe, yaani kisamvu. Sombe ipo, ila huja mwisho. Mtaa huu wa Sharpstown, Houston, ulianzishwa miaka ya 1950 na Frank Sharp, mfanyabiashara wa nyumba. Siku hizi Wakongo wanaosali kwa Kiswahili si haba hapa, na mgeni kwao lazima apimwe: "Mtumishi, mtu anaweza kumwona Mungu, ndiyo au hapana?"

Usijibu ndiyo. Yuko mzee, shemasi wa zamani kule Uvira, ana Biblia ya Kifaransa ya Louis Segond kwenye paja moja na ya Kiswahili ya Union Version kwenye jingine. Atakufungulia Kutoka 33:20, Musa anapoambiwa kwamba hakuna auonaye uso wa Mungu akaishi, kisha Yohana 1:18, kisha 1 Timotheo 6:16, bila hata kuvaa miwani.

Hapana nayo usiijibu. Mama aliyekaa karibu na jiko atakurudisha kwenye sura ileile ya 33 ya Kutoka, mstari wa 11: Musa na Mungu wanaongea uso kwa uso, kama marafiki.

Wengi hapo hukimbilia kwa Yakobo na mwereka wake wa Penieli. Usithubutu. Mzee anayo Hosea 12:4, isemayo kuwa aliyeshindana na Yakobo alikuwa malaika, na utaaibika mbele ya watoto.

Ukibanwa kabisa, shika Kutoka 24. Musa, Haruni, Nadabu, Abihu na wazee 70 wanapanda mlimani, wanamwona Mungu wa Israeli, halafu (nami hupenda sana hapa) wanakula na kunywa. Lakini soma walichosimulia: sakafu ya yakuti samawi chini ya miguu yake, basi. Isaya katika sura ya 6 anaeleza pindo za vazi zilizolijaza hekalu. Musa mwenyewe aliruhusiwa kuona mgongo. Ezekieli kila akisogea anasema "mfano wa". Wahoji mashahidi wote, uso hakuna aliyeuchora. Mimi naona waliona kweli, ila walionyeshwa kwa kipimo, na kipimo hakikuwa chao.

Kijana wa kinanda atadhani amemaliza kesi kwa Yohana 14:9, Filipo anapoambiwa kuwa aliyemwona Yesu amemwona Baba. Mpigie makofi, halafu mwulize kwa upole kwa nini 1 Yohana 4:12, iliyoandikwa baada ya maneno hayo kusemwa, bado inasema hakuna aliyemwona Mungu. Mkatoliki akiwepo atakuambia Papa Benedikto XII alishaamua mwaka 1336 kuwa watakatifu wanamwona hata sasa, bila kungoja siku ya hukumu. Jirani Mwislamu wa Kiibadhi kutoka Zanzibar, akipita kuazima chumvi, atasema kwao hata akhera haonekani. Mpe chumvi, mlango ufungwe.

Wa kumwogopa ni anayejiita nabii, aliyemwona Mungu uso kwa uso usiku wa kuamkia jana. Mwulize alianguka vipi. Isaya alilia ole wake, Ezekieli alianguka kifudifudi, Yohana wa Patmo alianguka kama maiti. Huyu aliamka akatuma namba yake ya Zelle ya kupokelea pesa kwenye grupu la WhatsApp. Ukiombwa sadaka ya maono hayo, simu yako imeisha chaji.