Kelele Nazo Mtaji

Debe tupu haliachi kuvuma, lakini Digby Pearson wa Nottingham, Uingereza, alilifanya biashara. Mwaka 1987 lebo yake, Earache, ilitoa albamu ya Scum ya bendi ya Napalm Death: nyimbo 28, upande wa kwanza wa sahani umepigwa na kikosi kimoja, wa pili na kikosi kingine. Aliyebaki pande zote ni mpiga dramu tu. Wimbo wao "You Suffer" una sekunde moja na ushee. Ukipiga chafya umekupita.

Wakubwa nao wakanusa. Mwaka 1993 Columbia, nyumba ileile ya Mariah Carey, ikaingia ubia na Earache wa kusambaza ngurumo hizo Marekani. Labda walitarajia zipigwe harusini. Ubia haukudumu, na Swansong, albamu ya bendi ya Carcass iliyokusudiwa Columbia, ikaishia kutolewa na Earache mwaka 1996. Baadaye lebo ikajisitiri kwa Rival Sons, vijana wa roki yenye bluzi ndani yake, ambao hata mama mkwe atawavumilia.

Siku hizi Spotify huhesabu wimbo ukishasikilizwa sekunde 30. Kwa hiyo "You Suffer", hata uurudie mpaka alfajiri, hauwaingizii wenyewe senti.