Shangazi Waya na kiwanja kilichouzwa mara mbili

Barua zinazomfikia Shangazi Waya mjini Bunia huanza kama kesi za ndoa. Mume mmoja wa kartie Lumumba anaandika kwamba mwenzake amebadilika: asubuhi mwepesi, jioni mzito, na wageni wakizidi nyumbani hununa kabisa. Shangazi husoma akitikisa kichwa kwa huruma, mpaka anapofika pale mwandishi anaposema amejaribu kumzima na kumwasha mara nne. Anayelalamikiwa ni ruta.

Barua za namna hiyo hazikatai. Sharti lake ni kwamba kabla ya kuulaani mnara, setilaiti au jirani, mtu amweleze waya unatoka wapi na unaingia wapi.

Wiki hii barua iliyomchukua muda ni ya papa mmoja wa Mudzipela. Ana kompyuta nne na antena moja juu ya mabati. Watoto wanalala nyumba ya nyuma, na katikati kuna jiko la mabati ambalo halipitishi Wi-Fi, kwa sababu chuma hurudisha mawimbi yalikotoka. Akanunua ruta ya pili, akavuta waya mpaka kwa watoto, akachomeka. Tangu siku hiyo nyumba haina amani. Leo kompyuta ya mke inafanya kazi na ya binti imekufa. Kesho ya binti imefufuka, ya mke inasema imeunganishwa lakini hakuna intaneti. Mpwa anayesoma informatiki ameshashukiwa, na chakula chake cha jioni kimepunguzwa.

“Papa, mrudishie kijana sahani yake,” anajibu Shangazi. “Wewe ndiye uliyeweka mashefu wawili katika kartie moja.”

Kila kompyuta inapoingia kwenye mtandao wa nyumbani huomba anwani, na ruta ndiyo hugawa, kama shefu anavyoonyesha viwanja. Mafundi huiita kazi hiyo DHCP. Anwani zenyewe, mfano 192.168.1.15, ni za ndani ya ua tu. Mwaka 1996 watunga kanuni za intaneti walitenga mafungu matatu ya namba ambazo yeyote anaweza kuzitumia nyumbani bila kuomba ruhusa, ndiyo maana nyumba ya Mudzipela na nyumba ya Muscat zinaweza kuwa na namba zilezile na zisigongane. Huko nje namba zote za nyumba moja huonekana kama namba moja, na ruta hukumbuka nani aliomba nini.

Ruta ya pili imetoka kiwandani ikijua kazi hiyohiyo, na hakuna aliyeiambia kwamba kuna mkubwa wake. Nayo inagawa. Kompyuta inayowahi kujibiwa na ruta ya antena inapata njia. Inayojibiwa na ile ya watoto inaelekezwa kwenye mlango ambao nyuma yake ni ukuta. Zaidi ya hapo, ruta mbili za kampuni moja mara nyingi zote hujiita 192.168.1.1. Watu wa Bunia hawahitaji kufundishwa mambo ya kiwanja kimoja kuuzwa kwa wanunuzi wawili. Tofauti ni kwamba hapa hakuna mahakama, kompyuta zinanyamaza tu.

Dawa yake Shangazi ameiandika polepole, kwa sababu papa alikiri kwamba mikono inamtetemeka akifungua kurasa za ruta. Achomoe kwanza waya unaoziunganisha ruta mbili. Akae kwenye kompyuta moja, aingie kwenye ruta ya watoto, aibadilishe namba yake iwe 192.168.1.2, kisha azime ugawaji wa anwani, yaani DHCP. Halafu arudishe waya, upande wa watoto akiuingiza katika moja ya yale matundu manne yanayofanana, si lile la pekee ambalo mara nyingi lina rangi tofauti. Ruta hiyo itabaki mtumishi wa kupitisha ujumbe. Kompyuta zote zizimwe na kuwashwa ili zisahau anwani za zamani.

Kama bado kuna ubishi, Shangazi ana safari yake ya vituo vitatu. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi la amri, andika ipconfig, usome namba ya mlango, yaani ya ruta. Ukikuta kompyuta imejipa anwani inayoanza na 169.254, ujue iliomba na hakuna shefu aliyeitika; kagua waya. Ukiwa na mlango, andika ping na namba ya ruta: isipojibu, ugonjwa uko ndani ya ua. Ikijibu, jaribu ping 8.8.8.8, ambayo ni mashine ya Google: isipojibu, ugonjwa uko kwenye antena au kwa aliyekuuzia forfe ya intaneti. Ikijibu hiyo nayo na bado kurasa hazifunguki, njia ipo ila aliyekuwa anakuelekeza kwa jina la mtaa amelala. Huyo ndiye DNS, na unaweza kumwajiri mwingine kwa kuandika 8.8.8.8 au 1.1.1.1 mahali pake.

Mama wa Nyakasanza anauza vitenge. Simu zake za video na wauzaji wa Kampala hukatika kila jioni, naye anailaumu mbingu. Shangazi anamtetea aliye juu. Enzi za antena kubwa za VSAT, zile zilizojaa kwenye nyua za mashirika, setilaiti ilikuwa kilomita 35,786 juu ya ikweta. Swali kupanda na kushuka, jibu kupanda na kushuka, hiyo ni karibu nusu sekunde, na watu walizoea kuongea kwa kupokezana. Setilaiti za Starlink, ambazo Kongo ilizipiga marufuku mwaka 2024 kisha mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ikazipa leseni Mei 2025, huzunguka kwenye kilomita 550 hivi. Mbingu imesogea. Mvua kubwa bado inaweza kukata mawimbi, lakini mama anasema hata jioni kavu simu hukatika, tena mara tu kijana wake anapotoka kazini.

Basi ni simu ya kijana. Ikinusa Wi-Fi ya nyumbani inaanza kupandisha video zote za siku kwenye hifadhi ya mbali. Njia ya kupandisha ni nyembamba kuliko ya kushusha, ruta inapanga foleni, na sauti ya mama inasubiri nyuma ya video za harusi ya mtu. Kijana aruhusu simu ipandishe usiku wa manane, au mama afungue ruta aweke kikomo kwa simu hiyo. Shangazi anapendekeza kuongea naye kwanza.

Mwanafunzi anayegawana forfe na wenzake watatu anauliza mega zinaenda wapi wakati wote wamelala. Windows haikulala. Kila kompyuta inashusha masasisho yaleyale peke yake. Kwenye mipangilio, waiambie kwamba muunganisho huu unapimwa. Siku wakipata intaneti isiyo na kikomo, waondoe alama hiyo, wawashe ruhusa ya kugawana masasisho na kompyuta za mtandao wa ndani: kinachoshushwa na mmoja, wengine wanaweza kukichukua kwake.

Kompyuta iliyonunuliwa Kampala, ambayo kila tovuti inaikataa kwa kusema si salama? Baada ya kutafuta adapta ya ile plagi ya pini tatu bapa, mwenyewe aangalie saa. Ikisema ni mwaka 2009, betri ndogo ya ndani imekufa. Vyeti vya tovuti vina tarehe, na kwa kompyuta inayoishi 2009 vyote havijazaliwa.

Ya mwisho ni ya mwenye nyumba wa Sukisa. Wapangaji wake watano huchangia intaneti, lakini ruta inaonyesha vifaa 19. Shangazi alimjibu tangu wiki iliyopita: badilisha neno la siri, zima kitufe cha WPS, wape wapangaji mtandao wa wageni wenye neno lake, kisha usubiri uone nani atakuja kulalamika. Jibu limerudi. Aliyekuja wa kwanza, kabla hata ya saa moja asubuhi, akiwa na simu mbili mkononi na uso umekunjwa, ni mama mkwe, anayeishi ng'ambo ya ukuta.

Kwa hilo Shangazi amemwelekeza kwenye safu nyingine.