Mhina Wangu Una Wenyewe Wengi

Jua la Isiolo halijawahi kuua mhina. Wageni wakishuka kutoka Meru huona vumbi letu, wakatikisa kichwa na kusema hapa hakistawi kitu. Waongo. Kijiti nilichochomeka kando ya geti, hapa Bulla Pesa, kimekuwa kichaka. Mvua za Machi zikikosa, za Oktoba zikichelewa, chenyewe kimesimama na majani yake madogo ya kijani, kikingojea maji ya kusuuzia vyombo. Kikiyapata, hutoa vichala vya maua meupe yenye umanjano kwa mbali. Jioni harufu yake huingia hadi chumbani na kuishinda ya zizi la jirani, na zizi lenyewe si mchezo.

Taabu ni wapenzi wake.

Mhina ukikomaa huota miiba. Ukiwa mchanga hauna hata mmoja. Aliyepanga hivyo nashuku alikuwa na mbuzi. Niliuzungushia matawi ya mgunga. Mbuzi wa mji huu wamelelewa kwa mgunga, wakala ua kwanza, kisha mmea. Nikaweka seng'enge. Akaja ngamia, akapitisha shingo juu yake, akang'oa tawi lenye maua na kunitazama huku akitafuna kwa mdomo ule wa dharau. Nilimrushia kandambili. Mwenye ngamia akaniuliza kama simwogopi Mungu.

Wenye miguu miwili ndio kiboko. Idi ikikaribia, watoto hubisha: “Hodi! Tumetumwa majani kidogo tu.” Mkononi wana gunia. Nikiwaelekeza dukani kwenye hina ya unga, mama zao hunijia juu: ya dukani huijui imechanganywa na nini, na ile nyeusi ina dawa ya nywele inayobabua ngozi. Hapo sina jibu, kwa sababu ni kweli. Babu wa nyumba ya pili naye huja kwa ajili ya ndevu. “Mwanangu, zimefifia,” husema, akichuma.

Mwaka jana nilishikishwa bakuli. Majani yalikuwa yamekaushwa kivulini, yakatwangwa, yakachekechwa, yakakandwa kwa maji ya ndimu. “Koroga tu, baba,” nikaambiwa, na mwiko haukuonekana. Kesho yake vidole vilikuwa rangi ya chungwa. Keshokutwa vimeiva kama vya bibi harusi. Sabuni haifui dafu, hina hutoka ngozi inapojibadilisha. Katika ofisi moja mjini, karani alivitazama nilipotia sahihi, akanipongeza kwa kuongeza mke. Habari zilinitangulia nyumbani. Chakula cha jioni nilijipakulia mwenyewe.

Hata hivyo ulinzi nimeuacha. Mhina ukikatwa huchipuka mnene kuliko ulivyokuwa, na wangu sasa unapita kimo changu. Kwa hiyo chumeni, majirani, hata ndevu nazo zina haki yake. Ila jamani, mkitoka fungeni geti.