Gari Linaloelea Ziwani

Kifaa cha GPS cha kubandika kwenye kioo cha gari ni kisanduku chenye skrini ndogo, spika ndogo na uhakika mkubwa. Hupokea mawimbi kutoka setilaiti za Marekani, zaidi ya 24, zinazoizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, kisha hupiga hesabu ya mahali gari lilipo kwa kuangalia muda ambao mawimbi hayo yametumia kufika. Setilaiti nne zinatosha. Hadi Mei 2000 Wamarekani walikuwa wakiyavuruga kwa makusudi mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa la mita 100 halikuwa ajabu. Dodoma mita 100 ni jambo la kusameheana. Capri Point, jijini Mwanza, mita 100 zinatosha kumweka dereva majini pamoja na sato. Siku hizi, pakiwa na anga wazi, kosa ni la mita chache tu. Kwa hiyo gari lilipo, kifaa kinajua. Hapo lilipo pakoje, hilo ni suala la ramani, na ramani mara nyingi imechorwa na mtu ambaye hajawahi kupanda Igogo.

Mwanza ni jiji la mawe. Huko Mabatini, Igogo na Isamilo nyumba zimekaa juu ya majabali, chini ya majabali na katikati yake, na njia inayoanza kwa upana wa Noah huweza kuishia kuwa ngazi bila kumtaarifu mtu. Ramani haina habari ya mlima. Inachojua ni mstari. Kifaa kikiagizwa kitafute njia fupi, hutafuta fupi kweli, na dereva mtiifu hujikuta ameelekezwa akate kulia mahali ambapo kulia pana jiwe lililomzidi gari kimo na umri. Kinachofuata kinajulikana mtaa mzima. Gari haliwezi kugeuka, hivyo linarudi kinyumenyume likiongozwa na watu sita wenye maoni sita: "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Si huko, kulia yako! Basi, basi, basi!" Wakati huo kifaa kinatafuta njia upya, kimya, kama mtu mwenye aibu. Kikimaliza, kinaelekeza kwenye jiwe lilelile.

Sauti nayo ina mambo yake. Mara nyingi ni ya mwanamama wa Kiingereza asiye na haraka, na majina ya Nyegezi na Buzuruga hutoka kinywani mwake yakiwa yamevunjika mifupa. Abiria wa kiti cha nyuma huuliza huko ni mkoa gani, na kumbe kituo kimeshapitwa.

Uhodari wa kifaa hupimwa hasa kwenye maji. Kwa GPS, kivuko ni barabara yenye mwendo mdogo. Anayetoka Mwanza kwenda Ukerewe kwa gari huweza kuzunguka kupitia Bunda hadi Kisorya, na hapo skrini humchorea mstari mzuri unaokatiza maji hadi Rugezi. Mstari hauna ratiba, hauna foleni ya malori na hauna chombo cha mwisho cha siku. Dereva aliyeuamini hufika ufukweni jua likizama, kifaa kikimsisitizia aendelee moja kwa moja, naye hushusha kioo amuulize mama anayefunga biashara yake ya dagaa.

"Shikamoo mama. Barabara ya Nansio ndiyo hii?"

"Marahaba baba. Ndiyo hiyo, ila imeshaondoka. Itarudi asubuhi."

Kigongo na Busisi mambo yamegeuka kichwa chini. Kwa miaka mingi waliokuwa wakienda Sengerema na Geita walipanga foleni ya kivuko upande wa Misungwi, na ramani za zamani zimebaki na foleni hiyo moyoni. Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3, refu kuliko mengine yote nchini. Kifaa ambacho mwenyewe hajakihuisha hakijapata habari. Kigari kidogo kwenye skrini huacha nchi kavu, huingia kwenye rangi ya bluu na kukata mawimbi ya Ghuba ya Mwanza kwa kilomita hamsini kwa saa, huku sauti ikiomba kwa upole gari ligeuzwe. Hakuna anayegeuza. Upande wa pili kifaa hukuta gari limewahi kufika kuliko kilivyokadiria, jambo ambalo katika safari za Kanda ya Ziwa halijazoeleka.

Kuna aina nyingine ya kifaa ambayo mwenye gari hakuinunua, aliikuta. Sehemu kubwa ya magari madogo yanayozunguka Mwanza yametumika kwanza Japani, na mengi huja na kifaa cha njia kikiwa kimejengewa kwenye dashibodi, lugha ya Kijapani, ramani ya Japani. Setilaiti kinaziona, ila barabara zake ziko Osaka, hivyo Nyakato kwake ni sehemu tupu. Kila asubuhi gari likiwashwa, bibie mmoja mwenye adabu nyingi hutangaza kwamba kadi ya ETC haijaingizwa. Kadi hiyo ni ya kulipia tozo katika barabara kuu za Japani, na katika barabara ya Mwanza hadi Magu hakuna pa kuitumia. Wapo abiria wanaodhani ni salamu, na wachache wenye malezi mema huitikia.

Tatizo la anwani limepungua kwa kiasi. Mwaka 2022 Serikali iliendesha operesheni ya anwani za makazi nchi nzima: mitaa ikapata vibao, nyumba zikapata namba, na mfumo wa NaPA ukawekwa kwenye simu. Namba ziko ukutani, lakini mwenye nyumba akipigiwa simu bado husema, "Ukifika kwenye sheli, mbele kidogo kuna mwembe, uliza kwa mama Neema." Mwembe huenda ulikatwa zamani. Mama Neema hakosekani.

Na kumuuliza mwenyeji si utaratibu wa jana. Agosti 1858 mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza akiwa na vyombo vyake vya kupimia, akamuuliza mwenyeji mmoja ziwa linafika wapi. Kwa maelezo ya Speke mwenyewe, yule bwana alitazama kaskazini, akautupa mkono mbele huku akidatisha vidole mara kwa mara, akasema hakuna ajuaye, pengine linafika mwisho wa dunia. Anayeomba njia ya Kayenze leo hupewa mkono uleule na vidole vilevile, na ishara ile ikirudiwa mara tatu, ajue mafuta yaliyomo hayatoshi. Speke alirudi akitangaza kwamba chanzo cha Nile amekipata, wenzake wakabisha, mpaka mpelelezi mwingine, Stanley, alipolizunguka ziwa kwa boti mwaka 1875.

Dereva aliyeshindwa na vyote, yaani setilaiti, namba na mwembe, hukodi bodaboda imtangulie. Njia hii ina dosari moja: pikipiki hupita inapoweza kupita pikipiki.

Utunzaji wa kifaa ni mwepesi. Kile kikombe cha mpira kinachoshika kioo hulegea kwa jua la mchana, na kawaida huchagua kuachia kwenye tuta, kifaa kikaanguka chini ya miguu ya dereva kikiendelea kutoa maelekezo. Gari likiegeshwa mjini, kifaa hutolewa. Alama ya duara inayobaki kwenye kioo nayo ifutwe, kwa kuwa humjulisha mwizi kwamba mali imo ndani. Wengi hufuta duara kwa kitambaa, kisha wakakificha kifaa chini ya kiti, mahali ambapo mwizi huanzia.