Sifa za Bawabu Asiyejua Mjomba

Wamesifiwa majemadari, wamesifiwa warembo, umesifiwa hata mnazi kuanzia mizizi hadi kuti. Sijamsikia bado aliyemsifu yule bawabu wa kwenye skrini ya kompyuta, anayemwambia mwenye mali, asubuhi ya Jumatatu, kwa adabu na bila kupandisha sauti: nywila uliyoingiza si sahihi. Hana ofisi asikotukanwa. Mhasibu humpigia kibodi ngumi, karani humwita mshenzi, na mwanafunzi ambaye tasnifu yake imo humo ndani humlilia machozi. Leo nasimama upande wake, kwa hoja moja kuu: katika nchi ambazo kila mlango hufunguka kwa kujuana, huu wake ndio usiomtambua mjomba wa mtu.

Nasaba kwanza. Bawabu huyu si mtoto wa jalalani. Alizaliwa chuoni MIT, Marekani, ambako Fernando Corbató na wenzake walionyesha mwaka 1961 mfumo wa CTSS, uliowawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja alikuwa na mafaili yake humo, basi ikabidi kila mmoja apewe na neno lake la siri. Utotoni alikuwa mropokaji, hilo sikatai. Mwaka 1962 Allan Scherr, mwanafunzi wa uzamivu aliyeona muda wa kompyuta aliopangiwa kwa wiki haumtoshi, aliiomba mashine imchapishie faili lenye nywila za watu wote, nayo ikamchapishia bila kuuliza. Mwaka 1966 mafaili mawili ya muda yakabadilishana nafasi, na kila aliyeingia akapokewa na orodha nzima ya nywila mahali pa ujumbe wa siku.

Lakini mtoto hukua. Mwaka 1979 Robert Morris na Ken Thompson walieleza jinsi mfumo wa Unix ulivyomfunza adabu: neno lenyewe halitunzwi, linatunzwa zao la hesabu ambayo hairudishiki nyuma. Ukiandika nywila, hesabu inapigwa upya na mazao mawili yanalinganishwa. Hiyo ndiyo fadhila yake ya kwanza: tangu hapo bawabu wetu analinda siri asiyoijua. Mhonge, mtishie, mkirimu kwa chai na vitumbua. Hatakutajia, kwa kuwa hana cha kutaja. Watunza siri wa daraja hilo mtaani kwenu ni wangapi?

Fadhila ya pili ni usawa. Mkurugenzi anamfokea, "Unajua mimi ni nani?" Kwingine swali hilo hufungua geti. Kwa huyu bawabu ndilo jambo hasa analosubiri kuthibitishiwa, na kufoka si uthibitisho. Tarishi na mkurugenzi wakikosea, husomewa sentensi ileile, kwa herufi zenye ukubwa uleule. Wala fedha haimlainishi. Mtaalamu mmoja wa programu huko San Francisco alihifadhi funguo za bitcoin 7,002 katika kifaa kidogo chenye kuruhusu majaribio 10 tu ya nywila. Magazeti yalipoandika habari zake Januari 2021, mali hiyo ilikadiriwa kufika dola milioni 220, naye alikuwa amebakiwa na majaribio 2. Tuonyeshwe afisa mwingine aliyeketi mbele ya dola milioni 220 asipepese jicho.

Tatu, hutuhimiza tujichunguze. Ukimwambia umesahau, hakufukuzi, anakuuliza maswali. Jina la mama yako kabla hajaolewa? Kwetu pwani mama haachi jina la baba yake kwa sababu ya ndoa, na jibu analijua hata muuza maandazi. Mnyama wako wa kwanza aliitwaje? Alikuwa paka, akiitwa Paka. Gari lako la kwanza lilikuwa la aina gani? Hilo anaulizwa mtu aliyeshuka daladala sasa hivi. Wenye pupa watasema maswali haya hayalindi kitu, na ushahidi wanao: Septemba 2008 mwanafunzi mmoja wa Tennessee aliingia katika barua pepe ya Sarah Palin, mgombea wa umakamu wa rais wa Marekani, kwa kutafuta mtandaoni tarehe yake ya kuzaliwa, namba ya posta ya kwao na mahali alipokutana na mumewe. Lakini hapo bawabu alivunja sheria ipi? Aliuliza, akajibiwa sawasawa. Ukarimu wake ndio uliomponza.

Ukishindwa maswali, anatuma tarakimu 6 kwenye simu yako, yaani kwenye laini uliyoiacha miaka mingi iliyopita na ambayo kampuni imekwisha kumuuzia mtu mwingine. Mahali fulani mvuvi asiyekujua anapokea ujumbe wa kumpa ruhusa ya kuingia katika maisha yako, anaguna, anaufuta. Ni nani mwingine aliyewahi kuwaunganisha raia kwa ukaribu kiasi hicho?

Nne, anawalisha mafundi. Hapa maadui zake hucheka, kwa kuwa fundi wa mjini huchomeka flashi yenye Linux, akaiwasha kompyuta kwa hiyo flashi, akafungua folda ya Users na kunakili tasnifu, picha za harusi na hesabu za ushirika, bila hata kumsalimu bawabu. Ni kweli: diski isiyosimbwa haina ukuta wa nyuma, na nywila ya kuingilia hulinda kizingiti tu. Lakini haraka za watu ndizo zinazompa bawabu heshima yake. Fundi asiye na subira hupiga Windows upya, akakurudishia mashine safi, nyepesi, isiyo na hata herufi moja uliyowahi kuandika. Mwingine huibadilisha nywila kwa nguvu za msimamizi. Akaunti inafunguka, shangwe, chai inaagizwa, kisha inagundulika kwamba mafaili yaliyosimbwa kwa EFS, kufuli la Windows la faili mojamoja, hayasomeki, kwani ufunguo wake ulifungwa kwa nywila ya zamani. Mvamizi ameingia sebuleni, kasha bado limefungwa. Huo ni uaminifu kwa neno la kwanza, jambo ambalo hata ndoa zinalitafuta.

Na kompyuta nyingi mpya za Windows husimba diski nzima zenyewe, mwenyewe akiwa hana habari. Siku ya mtihani bawabu huomba ufunguo wa BitLocker, tarakimu 48. Uko wapi? Umehifadhiwa mtandaoni, katika akaunti yako ya Microsoft. Nywila ya akaunti hiyo iko wapi? Imehifadhiwa ndani ya kompyuta iliyofungwa. Wahandisi hawakuwahi kujenga duara lililokamilika hivi.

Usimlaumu yeye kwa masharti ya herufi kubwa, tarakimu na alama ya mshangao. Hayo yalienezwa na mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ulioandikwa na Bill Burr, ambaye mwaka 2017 alikiri kwamba anajutia sehemu kubwa ya ushauri wake. Mwaka huohuo taasisi hiyo iliacha kushauri watu walazimishwe kubadilisha nywila kila baada ya muda fulani. Ofisi zetu hazijapata barua. Mpaka leo kila mwaka Karibu2024! huwa Karibu2025!, na nakala yake hubandikwa chini ya kibodi, asije akaikosa mfagiaji.

Watatokea wachochezi wa kushauri kwamba tarakimu zile 48 ziandikwe kwenye karatasi na kuwekwa pamoja na hati ya kiwanja, kwamba namba ya simu ya akaunti ihuishwe, kwamba nakala ya mafaili ikae kwenye diski nyingine, na kwamba fundi aambiwe anakili kwanza kabla ya kupiga chochote. Kazi hiyo yote haimalizi mchana mmoja, na ingempunguzia bawabu wetu wateja karibu wote. Hana wasiwasi. Kibarua chake hakiko hatarini: mkataba tunauongeza wenyewe kila tunapobonyeza "Nikumbushe baadaye".