Garissa Imewatangulia Wamarekani

Marekani, kampuni ya umeme ikitaka kuzima viyoyozi saa za matumizi makubwa, kwanza huomba ridhaa ya mteja, hufunga kidude kwenye mashine, kisha humpunguzia bili. Urasimu mtupu! Garissa tumeuondoa usumbufu huo: umeme hukatika bila fomu, na feni, friji na kiyoyozi hupumzika kwa usawa. Atakayeuliza mbona giza hutembelea kaunti yenye mitambo ya sola ya megawati 50, iliyozinduliwa 2019, akumbuke kuwa umeme ule huingia gridi ya taifa, na mgeni huandaliwa kwanza. Fidia je? Ukarimu ukilipwa hugeuka biashara. Joto la nyuzi 36 halijamzuia mkazi yeyote kujitolea, hasa kwa kuwa hakuna anayeulizwa.